Karani na Miwani ya Kutoa Kioo kwa Maji

Karani alikuwa hanunui miwani siku ile ameishika. Anaishika leo, anaigeuza, anairudisha kwa ubao wangu, anaenda zake. Wiki ijayo anarudi kushika ile ile, kama mwanaume anapita karibu na boma ya kina msichana mara tatu kabla ya kutuma wazee. Mimi nilikuwa nauza miwani, mishipi na kava za simu kwa soko ya Silibwet, siku zingine Sotik, na Mulot kama viatu zimekubali. Kwa wateja wote nimewahi kuwa nao, hakuna mwingine alinichosha kama huyo mzee. Na hakuna mwingine mwenye, nikiona kofia kama yake kwa umati, nasimama kwanza nihakikishe.

Wacha niseme ukweli mapema ndio nisiikimbie baadaye. Macho ya huyo mzee iliisha nikiangalia. Iliisha pole pole mbele ya ubao wangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kumuuzia. Kwa hivyo ukinisikia nikicheka hapa, ujue hiyo kitu iko chini ya kicheko, imetulia kama matope.

Jina yake naijua, lakini hakuna mtu alikuwa anaitumia. Alikuwa karani wa kupima majani kwa estate ya chai, yule anasimama kwa mizani jioni wavunaji wakileta magunia, anasoma kilo, anaandika. Alipostaafu hakurudi kwao kando ya ziwa. Alinunua kaploti upande wetu, akajenga nyumba ya mabati, na jina ya kazi ikamfuata huko kama mbwa. Kanisani ni Karani. Kwa kliniki ni Karani. Hata bibi yake alikuwa anamwita hivyo, na ukisikia amemwita jina yake kamili ujue kuna vita.

Mimi shule niliacha Form Two, ama yenyewe iliniacha, hiyo kesi bado iko kortini. Kizungu yangu inafika kwa bei halafu inarudi nyumbani. Miwani zilipoanza kuja na kale kasticker kameandikwa "polarized", nilidhani ni jina ya mwenye kampuni. Nikawa naambia watu, hii imetengenezwa na yule mzungu mwenyewe, Polarized, hii ingine ni ya vijana wake. Watu walinunua. Mama mmoja wa Mulot aliniuliza kama huyo mzungu bado yuko hai, nikamwambia anaugua ugua tu.

Karani ndiye alinisimamisha. Alingoja mteja aende, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anakuambia zipu iko wazi, kama najua nauza nini. Halafu akanifundisha, hapo kwa jua, na mimi nimeshika mishipi kumi kwa mkono.

Alisema maji iko na kioo juu yake. Jua ikipiga maji, hiyo kioo inaamka, na wewe umesimama kando na ndoano unaona mawingu, miti, na sura yako mbaya. Samaki yuko chini anakuona wewe vizuri. Sasa miwani nyeusi ya kawaida inafanya nini? Inapunguza tu mwangaza, kama kuvuta pazia. Kioo bado iko pale pale, imekuwa tu kioo ya jioni. Lakini ile ya ukweli, ile yenye ilistahili kuandikwa hayo maandishi, inatoa hiyo kioo. Unaona ndani ya maji mpaka kwa matope. Hiyo ndiyo alikuwa anataka, na alikuwa anaitaka kwa bei ya mtu wa pensheni. Alikuwa ameuliza kwa duka ya macho kule Kericho wakamtajia bei ya ndama. Akawaambia asante, akauliza kama hiyo miwani inakamuliwa asubuhi na jioni ama asubuhi tu.

Hii ndiyo ilikuwa imani yake kubwa, kwamba kitu nzuri inaweza kupatikana kwa bei rahisi kama mtu atachukua wakati wake. Alikuwa na neno yake: "Bei rahisi si dhambi. Dhambi ni kudanganywa." Alikuwa akisema hivyo ananiangalia mimi, sijui kwa nini.

Na wakati wake alikuwa anachukua. Alikuwa anaanza na fremu. Anaivaa, anainama kama mtu anafunga kamba ya viatu, anatikisa kichwa. Ikianguka, hapana, kwa sababu mvuvi anainama siku yote na maji hairudishi kitu. Halafu anaangalia kando. Alikuwa hataki miwani nyembamba ya vijana, alitaka yenye inazunguka mpaka karibu na masikio, maanake jua mbaya ya kwa maji inaingia kando kama mwizi. Halafu anavaa juu ya ile yake ya kusoma, maana hakutaka kuchagua kati ya kuona samaki na kuona ndoano. Miwani mbili kwa pua moja. Wateja wengine walikuwa wanapita wakidhani ni mimi nimemfanya hivyo.

Rangi sasa ndiyo ilikuwa mambo yote. Karani alikuwa mtu wa chai, na rangi alikuwa anazitaja kwa chai. Ile ya kijivu aliita chai ya hoteli ya maskini, na alisema ni ya jua kali na maji wazi. Ile ya njano aliita chai ya mgonjwa, ya asubuhi sana na ukungu. Ile alikuwa anatafuta ni rangi ya strungi, chai mkavu yenye imekaa kwa chupa mpaka saa nne. Hiyo ndiyo ya kwetu, alisema, kwa sababu huku jua na wingu zinapokezana kama wanawake wa mwanaume mmoja, na maji yetu iko na udongo nyekundu, na strungi inakuonyesha mgongo ya samaki juu ya udongo. Zile nyeusi kabisa, zile vijana wa boda walikuwa wanapenda, alikuwa anazipita bila kushika. "Giza si dawa," alisema. Kumbuka hiyo.

Wazee wetu Wakipsigis walikuwa wanasema samaki ni ndugu ya nyoka, na mimi hata sikuwahi kula mpaka nikiwa mtu mzima. Kwa hivyo hii elimu yote ilikuwa inaingia kwa mtu hana haja nayo. Mara moja alinipa tilapia mbili kubwa nipeleke nyumbani. Mama yangu alizipika kwa heshima ya mzee, akala kidogo, akasema ni tamu, halafu akatoa ile sufuria nje na mpaka leo inanywesha kuku.

Kitu ya kushangaza ni kwamba Karani mwenyewe alikuwa mtu wa ziwa na anaogopa maji. Hakuwahi kuingia mashua maisha yake yote. Kuvua alijifunzia huku kwetu juu, kwa dam ya estate, ile wanahifadhi maji katikati ya majani. Alikuwa akiulizwa anasema kwao kila mtu alikuwa anajua kuvua, kwa hivyo hakukuwa na nafasi ya mtu kujaribu. Huku Jumapili ilikuwa ndefu, watu walikuwa wachache, na samaki wa dam walikuwa hawajawahi kusumbuliwa na mtu. Walianza pamoja, yeye na wao, wote hawajui kitu.

Tulikuwa tunachekana sana. Yeye kwa ulimi ya Kijaluo alikuwa anasema "sida" na "sati", mimi kwa yangu ya Kikipsigis nasema "bolarized", kwa hivyo hakuna mtu alikuwa juu ya mwenzake. Akifika ananisalimia kwa lugha yetu, "chamgei", kwa kujikaza mpaka shingo inasimama, na mimi namjibu kwa Kiluo yangu ya maneno mawili, "omera" na ile ingine siwezi andika hapa.

Jirani yangu hapo sokoni alikuwa Mama Ndizi, mama wa kutoka Kisii mwenye alivuna majani kwa ile estate miaka mingi kabla magoti ikatae. Yeye ndiye aliniambia vile Karani alikuwa kazini, na nilikataa kuamini ni mtu yule yule. Anasema wavunaji walikuwa wanamwogopa kuliko mvua ya mawe. Majani ikiwa na maji, Karani anakata kilo. Anakata ya mwenye amejifungua juzi, anakata ya mwenye amevuna na homa, anakata sawa sawa bila kuinua macho. Wakilia anawaambia mizani haina dini. Halafu jioni unasikia mlango imegongwa, ukitoka hakuna mtu, kuna samaki kwa kamba amefungwa kwa kitasa. Na walikuwa wamegundua kwamba samaki alikuwa anaenda kwa mwenye amekatwa sana. Hakuna mtu aliwahi kumshukuru, kwa sababu ukimshukuru anakataa hata anakuwa mkali, anasema yeye haoni usiku, atavua samaki namna gani.

Na samaki hakuwahi kupima. Nilimuuliza siku moja yule mkubwa kabisa alishika alikuwa kilo ngapi, kwa sababu wavuvi wote naskia wanapenda hiyo swali. Akaniangalia kama mtu amechoka tangu azaliwe. "Nimepima ya kutosha," akasema.

Mama Ndizi ndiye pia aliniambia juu ya ile siku ya mizani. Ilikuwa Januari, jua ile ya kukausha hata mate, na Karani alikuwa amepata miwani yake ya kwanza ya polarized kutoka kwa mtu wa Kisumu. Akaivaa kazini. Mizani ilikuwa ile ya kisasa ya kuandika namba kwa kioo. Sasa Karani alikuwa na tabia ya kusoma akiwa ameinamisha kichwa kando, kama kuku anaangalia mwewe. Gunia ya kwanza ikawekwa, akainamisha kichwa, hakuna namba. Kioo ni nyeusi. Akabadilisha betri. Akainamisha kichwa, nyeusi. Akaipiga kofi kidogo. Nyeusi. Akatangaza mizani imekufa, akafunga kupima, akakaa chini akaanza kuandika ripoti kwa meneja.

Wavunaji walikuwa wamepanga laini mpaka kwa barabara. Majani ikikaa kwa gunia kwa hiyo jua inaanza kupata joto, inageuka nyekundu kama imepikwa, na factory inaikataa. Dereva wa lori anapiga honi. Watoto wa mgongoni wanalia. Karani anaandika ripoti, mwandiko mzuri, ukurasa ya pili. Mwishowe mama mmoja akaweka gunia yake chini, akatembea mpaka mbele, akamwambia kwa utaratibu, "Karani, hebu toa hiyo kitu kwa uso."

Akatoa. Namba ilikuwa hapo. Ilikuwa hapo wakati wote.

Mama Ndizi anasema alichana ile ripoti mara nne, akasimama, akapima gunia yote mpaka ya mwisho bila neno. Na hiyo ndiyo siku pekee hakukata maji ya mtu. Nilimuuliza huyo mama alikuwa nani. Akasema ni mama tu fulani. Lakini mimi nimekaa kando yake miaka mingi na najua ni nani huongea hivyo.

Kutoka kwa hiyo aibu ndiyo Karani alitoa kipimo chake. Alikuwa anatembea na kalkuleta ndogo kwa mfuko ya shati. Akifika kwa ubao wangu anaiwasha, anajaza namba nane kioo yote, halafu anashika miwani mbele ya jicho na kuizungusha pole pole kama mtu anafungua mfereji. Kama ni ya uongo, zile nane zinabaki tu hapo zinakuangalia. Kama ni ya ukweli, inafika mahali fulani nane zote zinapotea, kioo inakuwa nyeusi tii. Hapo alikuwa anasema kwa furaha kubwa, "Hii imekufa." Wateja wengine wakisikia imekufa wanarudisha miwani wanaenda. Nilimwomba atafute neno ingine. Akakataa, akasema neno ni hiyo.

Kwa dazeni nzima ilikuwa inakufa mbili, siku nzuri tatu. Zenye hazikufa aliniamuru nitoe sticker, mbele yake, na nilikuwa natoa. Akishapita kona nazirudisha. Nasema tu ukweli. Nilikuwa na watoto wawili na mdomo mrefu.

Sasa nafika mahali sipendi kufika.

Ilianza na vitu vya kuchekesha. Karani alijikwaa kwa ubao wangu, akitokea kando, ubao yenye ilikuwa hapo tangu Nuhu. Akanilaumu nimeusogeza. Wiki ingine akasalimia sanamu ya muuza nguo, ile ya plastiki imevaa rinda, akatoa kofia, akamwuliza habari ya watoto. Soko yote ilikufa kwa kicheko. Mimi ndiye nilieneza hiyo hadithi. Niliipeleka mpaka Sotik nikaiongezea mkia, nikasema alingoja jibu, nikasema alikasirika sanamu ilipokosa kumjibu. Nilikula chai za bure na hiyo hadithi karibu mwezi.

Halafu akaanza kusema jua imekuwa mbaya. Anaona duara kwa taa ya kanisa. Maji ya dam inamchoma. Alisema siku hizi hata strungi haitoi kioo vizuri, labda wachina wamepunguza dawa. Akaanza kuomba yenye imekolea kidogo. Nikampa. Wiki chache akarudi, hiyo imechoka, nipe yenye imekolea zaidi. Nikampa. Yeye mwenye alikuwa hashiki nyeusi, sasa mkono wake ulikuwa unaenda kwa zile nyeusi moja kwa moja. Na mimi mfanyabiashara nilisema nini? Nilisema, mzee, umeanza kuwa na ladha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, ile ya kwetu ya saa nane yenye haikosi. Tulikuwa tumejibana chini ya nailoni ya Mama Ndizi, na Karani ametoa kalkuleta amejaza nane zake. Nilikuwa nimempa miwani yenye nilikuwa nimeijaribu mimi mwenyewe asubuhi, ya ukweli kabisa. Akaizungusha. Nilikuwa nyuma ya bega yake, na kupitia ile kioo niliona nane zote zimezama. Nyeusi tii. Nikangoja aseme neno yake.

"Hii ni bandia," akasema.

Nikachungulia tena, nane bado zimezama.

"Leta ingine."

Nikaleta ingine. Na ingine. Zote alizungusha, zote zilikufa, zote akazirudisha. Mwishowe akachukua nyeusi kuliko zote, plastiki ya vijana wa boda, haina kitu, akasema angalau hii inapumzisha kichwa. Nikamfungia kwa karatasi. Akaenda kwa mvua, mkono mmoja mbele kidogo, kama mtu anabeba sahani yenye imejaa.

Mama Ndizi alipanga ndizi zake muda. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Na umeona."

"Nimeona nini?"

"Umeona vile haoni. Na umemuuzia."

Nilitafuta mzaha kwa kila mfuko. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuikosa.

Alipokuja tena nilimwambia. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, lakini yalitoka kama mawe kwa gunia. Nikamwambia, mzee, miwani ni nzuri, shida ni macho, enda hospitali. Watu walikuwa wamesimama hapo, kijana wa viatu, mama wa mayai. Karani akajinyoosha, akawa tena yule wa mizani.

"Wewe shule imekuacha Form Two," akasema, "leo umekuwa daktari wa macho?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Ilikuwa mzaha yangu, si ndiyo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeiuza kwa hiyo soko miaka yote kwa bei ya kutupa. Karani hakucheka. Alirudisha miwani kwa ubao, alikosa ubao, ikaanguka kwa matope, na akaenda. Hakurudi hiyo wiki. Hakurudi msimu mzima wa mvua. Ningeweza kumfuata. Nyumba yake ni mwendo wa dakika chache kutoka kwa stage ya matatu. Nilikuwa najiambia mtu mzima anajua njia ya hospitali, na hapo hapo najijibu kwamba njia anaijua, ni kuiona ndiyo hawezi.

Mama Ndizi, na magoti yake, ndiye alienda. Alikaa na bibi ya Karani jikoni, wakaongea mambo ya wanawake, na siku mbili baadaye huyo bibi alimwita mzee jina yake kamili. Wakaenda hospitali. Ni presha ya macho. Si ile ya damu, ni ya ndani ya jicho yenyewe, inakula pole pole ikianzia kando, na mwenyewe hajui kwa sababu mbele bado anaona. Daktari aliwaambia yenye imeenda hairudi. Kushoto imeenda yote. Kulia imebaki kama tundu ya kufuli, na kuna dawa ya matone ya kulinda hiyo tundu, asubuhi na jioni, mpaka kaburini.

Niliuliza Mama Ndizi kama daktari alisema ni miwani. Akasema hapana, miwani haileti hiyo. Nililala vizuri siku moja. Ya pili nikaanza kuhesabu miezi. Jicho haikuliwa na plastiki yangu, lakini zile wiki zote alizokuwa akirudi kwangu badala ya kwenda kwa daktari, hizo zililiwa hapo kwa ubao wangu, na nikashukuru na kusema karibu tena.

Mwaka huu nimeacha kuzunguka masoko. Miguu imekataa, mgongo imekataa, na watu siku hizi wanaagiza miwani kwa simu. Niko na kibanda moja Silibwet, nakaa, nauza chaja. Kuna siku nachoka kabla sijafungua. Siku moja kama hiyo, ya asubuhi, jua imetoka vizuri, nilifunga kabla ya kufungua nikapanda bodaboda mpaka estate. Ile njia siku hizi imenyamaza. Mashine ndizo zinavuna, unaona mashine moja na watu wanne mahali palikuwa na laini ya wanawake mpaka kwa barabara. Nikateremka nikatembea mpaka kwa dam.

Karani alikuwa amekaa kando ya maji juu ya debe, fito kwa mkono, uzi amezungusha kwa kidole ili asikie. Kichwa wazi. Miwani, ile yake ya zamani ya strungi, ilikuwa imening'inia kwa kamba shingoni, hajaivaa. Alisikia miguu akageuza uso yote, si macho, uso yote, kutafuta kwa ile tundu.

"Nani?"

Nilikohoa. Nilikuwa nimekuja na maneno, lakini nilikohoa tu.

"Ah," akasema. "Daktari."

Nikakaa kwa nyasi upande wake. Aliniambia matone yanachoma. Aliniambia bibi yake anamhesabia, na kwamba kwa dam analetwa na mlinzi wa estate na kurudishwa kama kondoo. Nikamwambia, Karani, ile siku ya mvua niliona. Zile nane zilikufa kwa miwani zote tatu, na niliona, na nikakuuzia ile nyeusi.

Alivuta uzi kidogo kwa kidole, akauachilia.

"Na mimi niliona kitu," akasema. "Nilikuwa sioni, na nilikuwa najua sioni. Ulidhani nilikuwa nakuja kwako kila wiki kununua nini?"

Alitoa ile kamba shingoni, akanipa miwani, akasema vaa, niambie.

Nilikuwa nimeuza hiyo kitu karibu miaka kumi na sijawahi kuivaa mbele ya maji. Nikavaa. Sijui niseme aje. Mawingu yalitolewa juu ya ile dam vile mtu anavuta shuka kwa kitanda. Chini kulikuwa na nyasi ndefu zimelala upande mmoja, kulikuwa na gunia ya zamani imeoza, kulikuwa na udongo wetu mwekundu kama ule wa shambani. Na juu ya udongo kulikuwa na samaki watatu. Walikuwa wamesimama, wameangalia pale maji inaingilia, wanapepea kidogo kidogo kama watu wanangoja kuitwa majina. Nikamwambia wako watatu, mmoja ni mkubwa, wako kushoto.

Karani alisimama, na mimi nikasimama kando yake. Akatupa. Ndoano ikaangukia mbali sana upande wa kulia, na samaki hawakushtuka hata.

"Kushoto zaidi," nikamwambia.

Akavuta uzi wote, pole pole, akaushika kwa mkono. Akasimama hapo amenigeuzia ule upande wa jicho yenye haipo.

"Kushoto yangu ama yako?"

Tulikuwa upande mmoja wa dam, tumeangalia maji moja, bega kwa bega. Kushoto ilikuwa moja tu.

"Yako, Karani," nikasema, na nikamshika kiwiko nikamgeuza.